Sungura wa nyumbani: utandike nini ndani ya tundu, na ajisaidie wapi

Sungura hutafuna anachokanyaga. Ndiyo maana, kabla ya kuuliza matandiko gani hunyonya mkojo vizuri, tuulize kwanza: akiyala, yatamdhuru?

Hapa Unguja na Pemba wengi huchukua maranda kwa seremala. Maranda ya msonobari mabichi, yanayonuka utomvu, hutoa hewa kali inayowasha mapafu na kulitaabisha ini. Mbao nyengine zimetiwa dawa ya mchwa. Seremala asipojua hasa ameranda mbao gani, yaache. Vumbi la msumeno usilitie kabisa. Hata makonyo ya karafuu, ingawa sisi tunayapenda kwa harufu, yana mafuta makali. Si ya kumlazia mnyama. Mchanga wa choo cha paka unaogandamana ndio mbaya zaidi, kwani ukimezwa huvimba na kuziba matumbo.

Tandika magazeti au vipande vya boksi visivyo na utepe wala pini, kisha juu yake ukoka mkavu kwa wingi. Mkeka mkuukuu wa miyaa isiyotiwa rangi unafaa pia. Tundu la sakafu ya waya ni lazima liwekwe ubao au mkeka wa kupumzikia, maana nyayo za sungura zina manyoya tu na waya huzichubua mpaka zikawa vidonda. Wakati wa masika majani huota koga upesi: yahifadhi ndani ya gunia juu ya uchaga, na yakinuka uvundo yatupe.

Kuhusu choo, sungura mwenyewe huchagua kona. Mtazame siku mbili tatu, halafu weka beseni pana lenye ukingo mfupi pale pale alipopachagua. Majani yake ya kula yaweke upande mmoja wa beseni, kwa sababu hupenda kula huku anajisaidia. Ukisafisha, bakiza majani machache yenye harufu ya mkojo wake. Akikosea, okota zile punje za kinyesi uzirudishe mahali pake. Ukimpiga au kumkaripia atakuogopa tu. Akifika miezi 4 hadi 6 huweza kuanza kurusha mkojo huku na huku kuweka mipaka yake. Kuhasiwa na daktari wa mifugo hupunguza sana tabia hiyo.

Kwa joto letu, badilisha matandiko ya beseni kila siku. Ukisikia harufu kali ya mkojo nawe umesimama, yeye aliye chini anaivuta zaidi. Ukoko mweupe unaoganda kwenye beseni ni chokaa ya mkojo: mwagia siki, sugua, suuza, anika juani.

Kipo pia kinyesi laini, kilichoshikana kama kichala cha zabibu, ambacho hukila mwenyewe, usimzuie. Kikiganda kwenye manyoya, punguza mkate na wali, zidisha majani, na umsafishe haraka kabla nzi hawajataga. Na asubuhi ukikuta beseni halina punje hata moja, naye hataki kula, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.