Kuandika Ukurasa wa Tovuti Unaosomeka

Anayefungua tovuti ya ofisi inayotoa vyeti huwa na swali moja au mawili tu: alete nini, alipe kiasi gani, aende wapi. Kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, andika pembeni swali hilo kwa maneno ambayo yeye mwenyewe angetumia, kisha uanze ukurasa kwa jibu lake. Makaribisho na historia ya idara, ambavyo tumezoea kuviweka juu kabisa, vihamie chini au vifutwe.

Mwaka 1997 Jakob Nielsen, mtafiti wa matumizi ya tovuti, alieleza kwamba asilimia 79 ya watu aliowapima walipitisha macho tu kwenye kila ukurasa mpya, na ni asilimia 16 pekee waliosoma neno kwa neno. Hao walitumia kompyuta. Kwenye simu, aya ndefu hujaza kioo kizima. Fupisha aya, na kichwa kidogo kitaje jambo lenyewe: "Ada ya cheti" husaidia kuliko "Taarifa muhimu".

Kazi kubwa zaidi imo katika Kiswahili chetu cha ofisini. "Mwombaji anatakiwa kuhakikisha kuwa nyaraka husika zinawasilishwa" ni sentensi sahihi kisarufi, lakini haisemi ni nyaraka zipi wala zipelekwe kwa nani. Andika "Leta kitambulisho na picha mbili dirisha la mapokezi". Na ukihofia kwamba amri itaonekana kukosa adabu, "ulete" au "tafadhali leta" inatosha.

Saa nayo huwapoteza watu. Ukiandika kwamba ofisi hufunguliwa "8:00", kama programu nyingi zinavyojaza zenyewe, yuko atakayefika saa nane mchana. Andika "saa 2:00 asubuhi". Vivyo hivyo, chagua "nenosiri" au "nywila" na ubaki na neno hilo hilo hadi mwisho, maana msomaji akikutana na yote mawili atadhani anadaiwa vitu viwili.

Viungo visiandikwe "bofya hapa". Wasioona, wanaotumia programu za kusoma skrini, huweza kusikiliza orodha ya viungo peke yake, na "bofya hapa" sita mfululizo hazimwambii mtu lolote. "Pakua fomu ya maombi" humwambia.

Ukimaliza, mpe simu mtu asiyefanya kazi ofisini kwenu, umwulize swali uliloliandika pembeni, kisha unyamaze na utazame kidole chake kinasita wapi.