Jinsi ya kutengeneza utepe wa kaboni wa balbu kwa njia ya Lewis Latimer

Vitabu vingi vya shule huieleza historia ya balbu kwa sentensi moja tu, kwamba Thomas Edison aliivumbua mwaka 1879, kisha husonga mbele. Mwalimu mwenzangu wa fizikia aliponiomba nimsaidie kuandaa onyesho kuhusu taa za kwanza za umeme, nilimshauri asitumie risasi ya penseli kama wanavyofanya wengi, bali tuutengeneze utepe wenyewe, yaani ule uzi wa kaboni unaowaka ndani ya balbu, kutokana na karatasi. Risasi ya penseli huwaka vizuri, lakini haimfundishi mwanafunzi jambo lolote kuhusu kazi iliyowashughulisha mafundi wa wakati ule. Ni katika kuigeuza karatasi iwe kaboni bila kukunjamana wala kuvunjika ndipo mchango wa Lewis Latimer unapoonekana, na anayeifanya kazi hiyo kwa mikono yake hahitaji kushawishiwa kwamba mchango huo ulikuwa mkubwa.

Latimer alizaliwa Chelsea, Massachusetts, tarehe 4 Septemba 1848. Wazazi wake, George na Rebecca, walikuwa wametoroka utumwa Virginia mwaka 1842. Alijiunga na jeshi la majini la Marekani wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe akiwa bado kijana mdogo, na baada ya vita akaajiriwa katika ofisi ya mawakili wa hataza (haki rasmi za uvumbuzi) mjini Boston, ambako alijifundisha uchoraji wa kiufundi hadi akawa mkuu wa wachoraji. Mwaka 1876 alishiriki kuandaa michoro ya hataza ya simu ya Alexander Graham Bell. Mwaka 1880 aliingia katika kampuni ya taa ya Hiram Maxim, iliyokuwa ikishindana na Edison, na huko ndiko alikofanya kazi tunayoifuata hapa. Inafaa wanafunzi waelezwe bayana kwamba Latimer hakuvumbua balbu, wala hakuwa wa kwanza kutumia kaboni, kwa kuwa Joseph Swan wa Uingereza na Edison walikwisha kuonyesha taa za kaboni kabla yake. Alichokifanya ni kutafuta njia ya kuitengeneza kaboni hiyo ikatoka nzima na iliyonyooka, na njia ya kuishikiza kwenye nyaya. Bila mambo hayo mawili, taa hubaki kuwa kitu cha maonyesho.

Hatua ya 1: Vifaa

Andaa karatasi ngumu ya manila, karatasi laini ya kufungia, kopo la bati lenye mfuniko unaobana, unga wa mkaa uliochekechwa, jiko la mkaa lenye mvukuto au feni ndogo, waya wa shaba, multimita, betri ya volti 12, fyuzi ya ampia 5 na miwani ya kukinga macho. Umeme wa ukutani usitumike kabisa katika kazi hii, hata kwa kupitia kifaa cha kupunguza volti ambacho hukijui vizuri.

Hatua ya 2: Kukata utepe

Kata vipande vya manila vyenye urefu wa sentimita 4, sehemu ya katikati ikiwa na upana wa milimita 1, na ncha zote mbili zikiwa na upana wa milimita 5 hivi. Tumia wembe mpya na rula ya chuma, si mkasi, kwa sababu mkasi huiponda kingo ya karatasi, na mahali palipopondwa ndipo utepe utakapokatikia. Kata vingi kuliko unavyohitaji.

Hatua ya 3: Kuchoma bila hewa

Hatua hii ndiyo itakayokula muda wako, na ndiyo inayostahili kusomwa hadi mwisho kabla hujawasha jiko.

Karatasi ikipashwa moto mahali pasipo na hewa haiungui kuwa majivu. Maji na gesi hutoka, inayobaki ni kaboni, kama vile wachoma mkaa wanavyolifukia tanuri lao kwa udongo. Shida ni kwamba karatasi husinyaa sana inapopitia badiliko hilo: kipande cha sentimita 4 kinaweza kutoka kikiwa kinakaribia sentimita 3. Ukikibana kipande hicho kati ya vigae au vibao vya chuma ili kisijikunje, karatasi itataka kusinyaa lakini chuma hakisinyai, na utepe utakatika katikati. Ukikiacha huru bila kubanwa, kitajipinda na kuwa kitu kisichoweza kushikizwa popote. Kwa muda mrefu utaona ni kama unalazimika kuchagua kati ya utepe uliovunjika na utepe uliokunjamana.

Jibu la Latimer limo katika hataza yake namba 252,386 ya tarehe 17 Januari 1882, inayohusu utengenezaji wa kaboni za taa. Alivifunga vipande ndani ya bahasha ya karatasi ngumu, ambayo hutanuka na kusinyaa kwa kiasi kilekile kinachosinyaa vipande vyenyewe. Bahasha hubana vya kutosha kuuzuia utepe usijipinde, lakini kwa kuwa nayo inasinyaa pamoja nao, haiuvuti wala kuukata. Ni wazo rahisi kulieleza, na mtu akiishalielewa huona kama lilikuwa wazi tangu mwanzo, ila halikuwa wazi.

Ili kulifuata wazo hilo, kata bahasha kutokana na manila ileile uliyokatia tepe. Usichanganye aina mbili za karatasi, kwa sababu kila aina husinyaa kwa kiwango chake, na ukichanganya utakuwa umeiondoa faida yote ya bahasha. Angalia pia mwelekeo wa nyuzi za karatasi: manila husinyaa tofauti kwa urefu na kwa upana, kwa hiyo tepe na bahasha zikatwe kwa kuelekea upande mmoja wa karatasi kubwa. Panga tepe ndani ya bahasha zisigusane, na kati ya kila safu weka karatasi laini iliyopakwa unga wa risasi ya penseli, ili zisishikamane zinapoiva. Kunja bahasha, usiifunge kwa waya wala kuibana kwa pini.

Sasa mwaga unga wa mkaa ndani ya kopo kwa kimo cha vidole viwili, laza bahasha juu yake, kisha ongeza unga hadi kopo lijae. Unga usishindiliwe; uguse tu bahasha pande zote. Ukiushindilia utakuwa umerudisha vile vibao vya chuma kwa njia nyingine. Toboa mfuniko tundu moja dogo la sindano, kisha ufunge na uzibe ukingo wake kwa udongo wa mfinyanzi. Tundu hilo ni la lazima, kwa sababu gesi zinazotoka zikikosa njia zitaurusha mfuniko. Kopo likiwa na rangi, lichome kwanza tupu, nje ya nyumba, hadi rangi yote iishe.

Anza na moto mdogo. Karatasi hutoa gesi nyingi mwanzoni, na zikitoka kwa kasi huupasua utepe kutoka ndani. Moshi mweupe utaonekana kwenye tundu, kisha gesi itakayoweza kuwaka ukiisogezea kiberiti. Mwalimu atakayeogopa mwali huo mdogo asihangaike, ni ishara kwamba mambo yanakwenda sawa. Usiongeze moto hadi mwali upungue.

Wengi huishia hapo, wakaona utepe mweusi uliotoka mzima, wakafurahi, kisha wakashangaa hauwaki. Weusi hautoshi. Karatasi iliyochomwa kwa moto wa wastani huwa nyeusi kabisa lakini karibu haipitishi umeme, kwa kuwa kaboni huanza kuwa kipitishio kizuri baada ya kupata joto kali. Kwa hiyo, mwali wa tundu ukizimika wenyewe, washa mvukuto na ulipashe kopo hadi liive kuwa jekundu la kung'aa likielekea rangi ya chungwa, kisha liache katika hali hiyo kwa muda wa nusu saa. Ninapendelea mvukuto wa mkono kuliko feni, kwa sababu feni hulitoboa bati upande mmoja kabla upande wa pili haujawa mwekundu. Ukiweza kupata bomba la chuma lenye vifuniko vya skurubu, liache kopo kabisa na utumie bomba, mradi usisahau lile tundu.

Ukitoa kopo motoni, ziba tundu mara moja kwa udongo na uliache lipoe hadi uweze kulishika kwa mkono mtupu. Hili halina njia ya mkato. Kaboni yenye moto ikikutana na hewa huwaka, na utafungua kopo ukute majivu mahali palipokuwa na kazi ya mchana mzima. Ni bora kulilaza hadi asubuhi.

Utepe ulioiva vyema hauchafui vidole kwa rangi ya kahawia, na ukiuangusha juu ya sahani ya kauri hutoa mlio mwembamba kama wa kigae. Upime kwa multimita kutoka ncha hadi ncha: ukisoma makumi ya omu au pungufu, uko tayari. Ukisoma maelfu, urudishe motoni katika bahasha mpya iliyokwisha kuchomwa. Bahasha mbichi haifai hapa, kwa kuwa itasinyaa peke yake na kuuvunja utepe ambao umeshamaliza kusinyaa.

Hatua ya 4: Kushikiza utepe kwenye nyaya

Miezi michache kabla ya hataza ya bahasha, tarehe 13 Septemba 1881, Latimer na Joseph V. Nichols walipata hataza namba 247,097, iliyohusu hasa namna ya kuishikiza kaboni kwenye nyaya za taa. Ukiushika utepe kwa vidole utajua kwa nini jambo hilo lilihitaji hataza yake. Hauwezi kusokotwa, hauwezi kulehemiwa, na kiungo kikiwa legevu hupata joto kuliko utepe wenyewe na kuungua kwanza.

Ponda ncha ya kila waya wa shaba kwa nyundo hadi iwe bapa, ikunje mara mbili, uingize ncha pana ya utepe katikati ya mkunjo, kisha ubane taratibu kwa koleo ndogo. Paka kiungo uji mzito wa unga wa risasi ya penseli na sukari iliyoyeyushwa, uukaushe, halafu uupashe kwa mwali mdogo hadi uwe mweusi, huku utepe wenyewe ukikingwa kwa kipande cha bati. Upana wa ncha husaidia umeme upite bila kupasha kiungo joto kali. Nyaya zisimame imara zenyewe kwenye mfuniko wa chupa itakayokuwa balbu kabla utepe haujawekwa, maana zikichezacheza hata kidogo utepe utavunjika.

Katika balbu za karne ya 19 waya uliopita kwenye kioo ulikuwa wa platinamu, ambayo hutanuka kwa joto karibu sawa na kioo na hivyo haikipasui. Sisi tunapitisha nyaya kwenye mfuniko na kuziba kwa gundi, kwa hiyo shaba inatosha.

Hatua ya 5: Kuondoa hewa

Shule ikiwa na pampu ya kutolea hewa pamoja na kengele yake ya kioo kinene (chombo chenye umbo la kengele kinachofunika taa), itumie. Hilo ndilo chaguo langu, na ndilo lililo karibu zaidi na historia, kwa kuwa taa za Edison na Swan ziliwezekana baada ya pampu ya zebaki ya Hermann Sprengel ya mwaka 1865 kuwapa ombwe (nafasi isiyo na hewa) la kutosha. Chupa ya jamu isitumike kamwe na pampu, kwani inaweza kupasukia ndani na kurusha vioo.

Pasipo na pampu, jaza chupa hewa ya ukaa kwa kuchanganya siki na bikaboneti ya sodiamu katika chombo kingine na kuielekeza gesi kwa mpira hadi chini ya chupa. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo huisukuma hewa hiyo kwenda juu. Utepe utadumu zaidi kuliko hewani, ambako huisha kwa sekunde chache, lakini usitegemee taa ya jioni nzima.

Hatua ya 6: Kuwasha

Unganisha betri kupitia fyuzi na swichi, vaa miwani, uwashe. Utepe utaanza kwa wekundu hafifu, kisha rangi ya chungwa. Kabla ya kuwasha andika ukinzani wa utepe ukiwa baridi, na wakati unawaka pima volti na mkondo ili ukokotoe ukinzani wake ukiwa moto. Wanafunzi waliozoea balbu za tangsteni watatarajia ukinzani huo uongezeke, lakini kwa kaboni hushuka. Ndiyo maana ukiongeza betri ya pili, mkondo huongezeka zaidi ya walivyokokotoa, na ni vyema fyuzi iwe mahali pake kabla hujajaribu.

Tepe zilizosalia zihifadhi ndani ya bahasha zake zilizochomewa, katika kopo lenye unga wa mkaa. Kwa darasa la juu, chomeni pia kundi moja la tepe bila bahasha, zikiwa zimelazwa tu ndani ya unga, kisha wanafunzi wahesabu zilizotoka nzima katika kila kundi. Latimer alihamia upande wa Edison mwaka 1884, na mwaka 1890 akatoa kitabu chake kuhusu mfumo wa taa wa Edison, kwa hiyo mwanafunzi akiuliza kama mtu huyu alikuwa wa Maxim au wa Edison, jibu sahihi ni kwamba alifanya kazi kwa wote wawili, na kwamba hataza zote mbili tulizozifuata hapa ni za miaka yake ya kwa Maxim.