Podikasti ya maongezi isevu mono, uokoe bando la wasikilizaji

Jamani nyie mnaorekodi podikasti nyumbani, kabla hujapandisha kipindi angalia kwanza faili lina MB ngapi. Maongezi ya watu wawili hayahitaji stereo (sauti ya njia mbili, kushoto na kulia) ya 128 kbps (kbps ni kiasi cha data kwa kila sekunde), ukisevu MP3 ya mono, yaani njia moja tu, kwa 64 kbps saa nzima inakuja kama MB 29 hivi, ile ya 128 inakula karibu 58, na sauti ya mtu anayeongea inasikika vizuri tu. Kwa mtu wa bando la siku hiyo nusu ni kubwa sana, shangazi yangu yuko Tanga anasikiliza huku anakuna nazi, kipindi kikiwa kizito anaachia katikati anarudi redioni, na roho inaniuma maana tunayoongea mengine ni ya mtaani kwake kabisa. Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, ni ya bure, wakati wa kutoa faili unachagua mono, unaweka 64, basi.

Halafu sauti yenyewe. Chumba kitupu kina mwangwi, kwa hiyo kaa karibu na godoro na nguo zilizoning'inia, zima feni, simu iwe kama shubiri moja kutoka mdomoni ila pembeni kidogo, ikikaa mbele kabisa kila "p" inapiga puu. Mvua ikianza kwenye bati subiri ipite. Na mwanzoni acha sekunde 10 za kimya, programu inazitumia kujua mvumo wa chumba ili iupunguze.