Jinsi ya kuwa mgeni asiyechosha wenyeji Ethiopia

Mtu wa Afrika Mashariki akienda Ethiopia huharibu kwa sababu moja: anaona kila kitu kimefanana na cha kwao. Wanakula kwa mkono, nasi pia. Wanapenda kahawa, nasi pia. Hata saa yao huanza kuhesabiwa asubuhi kunapokucha kama yetu, kwa hiyo mkiagana saa tatu asubuhi hakuna wa kujumlisha wala kutoa. Basi anajilegeza. Mzungu akifika Addis Ababa anajua kwamba hajui, anatazama kwanza wenzake wanafanyaje. Sisi hatutazami.

Mimi nauza nguo Mombasa, na mitandio na magauni ya pamba ya kufumwa kwa mkono nayatoa Shiro Meda, soko la nguo za kienyeji la Addis Ababa, kwenye barabara ya kupandia mlima Entoto. Wenzangu wanaotaka kwenda huniuliza habari za hoteli na nauli. Hayo yote yanapatikana kwenye simu. Ninayowaambia mimi ni haya.

Kabla ya tiketi, tazama siku za funga

Waumini wa Kanisa la Orthodox la Tewahedo, ambao ni wengi sana, hufunga Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima, isipokuwa zile siku 50 baada ya Pasaka. Kabla ya Pasaka yenyewe kuna funga ndefu ya siku 55, na ziko nyingine tena. Kufunga kwao ni kuacha nyama, maziwa, siagi na mayai, na walioshika dini sawasawa hawali chochote mpaka mchana umeenda. Kwa hiyo usikae nyumbani kwa mtu Ijumaa ukaulizia mayai ya kukaanga. Hotelini utapewa. Nyumbani utamtia mwenzako aibu, maana hana la kukupa na hapendi kukwambia hana.

Chakula cha funga ni kizuri kuliko watu wanavyodhani. Agiza beyaynetu, na siku isiyo ya funga taja kabisa kwamba unataka ya tsom, yaani ya kufunga. Utaletewa sinia lililotandazwa injera, mkate wao mpana, mwembamba na mchachu, na juu yake vifungu vifungu: adesi zenye pilipili, shiro ambayo ni mchuzi mzito wa unga wa dengu, mboga za majani, kabichi na viazi. Muislamu mwenzangu, hapo ndipo pa kupumulia, kwa sababu hakuna nyama ya kuulizia imechinjwa na nani.

Na hili la kuchinja lisikilize vizuri. Kenya tumezoea kwamba Muislamu ndiye anayechinja na Mkristo anakula bila kuuliza. Ethiopia si hivyo. Muislamu hali kichinjo cha Mkristo, na Mkristo wa Orthodox naye hali kichinjo cha Muislamu. Nimemwona mtu mzima, mkarimu kabisa, akiwapeleka mafundi wake hoteli ya Waislamu kuwakaribisha mbuzi wa kuchoma, kisha akashangaa wanakunywa soda tu. Ukitaka kumlipia mwenyeji chakula, mwache yeye achague mahali. Nguruwe usimtaje kabisa, upande wowote.

Kuhusu tarehe: kalenda yao ina miezi 13, kumi na miwili ya siku 30 na mmoja mdogo, Pagume, wa siku 5 au 6. Mwaka wao uko nyuma ya huu wetu kwa miaka 7 au 8, na mwaka mpya huingia Septemba 11, au 12 mara moja kila miaka minne. Ukiandikiwa siku ya kuchukua mzigo, uliza ni kwa kalenda ipi. Tiketi ya ndege hufuata saa na tarehe za kimataifa, usije ukaachwa.

Kwenye sinia

Maji ya kunawa huletwa ulipo. Nyoosha mikono juu ya beseni, usiinuke kutafuta bomba. Kisha mkono wa kulia peke yake, wa kushoto ukae pembeni hata kama unaona unasaidia kukata.

Sasa usile injera kama sima. Hakuna kufinyanga tonge kiganjani wala kutowelea. Unachana kipande chembamba kwa ncha za vidole, unafunika kitoweo, unakibana, unakipeleka mdomoni, na mchuzi haugusi ngozi. Mla injera hodari humaliza sinia vidole vikavu. Kulamba vidole, ambako kwetu ni sifa kwa mpishi, huko ni uchafu. Kula upande ulio mbele yako, usivuke kwenda kuchota minofu ya ng'ambo. Na usikunje uso kwa ule uchachu: unga wa tefu huumuliwa siku kadhaa kwa makusudi. Nimesikia mtu akimwambia mwenye hoteli kwamba "hii imelala." Alijibiwa kwa adabu kuliko alivyostahili.

Utalishwa. Hiyo inaitwa gursha, nayo haikwepeki kirahisi. Mama mwenye nyumba atachana injera pana, atakusanya kuku wa doro wat, ule mchuzi wao mkali wa kuku, na kijipande cha yai, ataviringa, kisha atainuka nusu kutoka kitini na kukuletea mdomoni, mkono wa kushoto ukishika kifundo cha wa kulia. Tonge hilo usilipokee kwa mkono. Fungua mdomo, hata kama unaona halitaingia; litaingia. Mara nyingi hufuatia la pili. Baada ya hapo ni vizuri nawe umlishe, kwa tonge dogo lililofungwa vizuri ili vidole vyako visiguse midomo yake. Mwanamume asiyenihusu akininyoshea, mimi huweka mkono kifuani, nikacheka na kusema "beka," yaani basi, inatosha. Sijaona aliyekasirika. Mwanamke aliyeketi karibu nami hulipokea tonge kwa niaba yangu na mambo yanaendelea.

Kitfo ni nyama ya ng'ombe iliyokatwakatwa, ikachanganywa na siagi yenye viungo na pilipili ya mitmita, nayo huliwa mbichi. Usipoiweza, sema "leb leb" ipashwe moto kidogo. Hilo ni ombi la kawaida kabisa, wenyeji wenyewe huagiza hivyo. Lililo baya ni kuomba, kisha kuisukumasukuma sahanini ukiipiga picha.

Ukimkuta mtu anakula, hata mlinzi langoni, atakwambia "enebla," karibu tule. Fanya kama ungefanya kwenu ukiambiwa karibu: shukuru, au onja kidogo.

Kahawa ndiyo mtihani

Mswahili wa pwani hunywa kahawa chungu kwenye dele akiwa amesimama, akaondoka. Hiyo tabia iache uwanja wa ndege.

Ukialikwa buna, yaani kahawa, nyumbani kwa mtu, hesabu saa nzima na zaidi. Huwa yumo mwanamke mmoja, mara nyingi binti au mama wa nyumba, ameketi kwenye kigoda kifupi mbele ya jiko la makaa. Majani mabichi yametandazwa sakafuni na ubani unafuka. Anaosha buni mbichi, anazikaanga kwenye kikaango huku akizitingisha mpaka ziwe nyeusi na kutoa mafuta, halafu anainuka na kukuzungushia kile kikaango mgeni kwa mgeni. Hapa ndipo wageni wengi hurudi nyuma wakidhani wanapisha moshi. Moshi huo ni wako. Uvute kwa kiganja uje usoni, tikisa kichwa, sema neno jema. Kisha zinatwangwa, zinachemshwa kwenye jebena, mtungi mweusi wa udongo wenye shingo ndefu, na kumiminwa kutoka juu katika vikombe vidogo visivyo na mkono, mkondo mwembamba usiokatika. Pembeni huwa kuna bisi au kolo, shayiri ya kukaanga. Aghalabu sukari inatiwa nyingi; sehemu nyingine hutia chumvi, na wengine huchovya kijitawi cha tena adam, mmea wenye harufu kali. Ukitaka bila sukari sema mapema, kabla hajamimina.

Mizunguko ni mitatu, maji yakiongezwa juu ya unga uleule: abol, tona na bereka. Wa tatu ndio wa baraka. Kuondoka baada ya kikombe cha kwanza ni kama kuinuka kabla ya dua. Ukiwa una dharura ya kweli, sema unapoingia. Usiseme mzunguko wa pili ukiwa tayari motoni, huku unatazama simu. Na simu yenyewe iweke chini. Mazungumzo ya buna ndiyo yanayokwambia bei za Shiro Meda zimepandaje, nani anafuma vizuri na nani ana madeni. Wageni wanaoharakisha hununua ghali, hilo nimeliona kwa macho yangu.

Maneno machache, kwa mtu anayefaa

Jifunze salamu tatu za Kiamhari, maana lugha hiyo hutenganisha mwanamume na mwanamke. Kwa mwanamume ni "indemin neh," kwa mwanamke "indemin nesh," na kwa mzee au mtu wa heshima "indemin newot." Ukikosa, watu watacheka na kukurekebisha, si neno. Asante ni "ameseginalehu," ndefu lakini inafaa shida yake. "Ishi" ni sawa, "yikirta" ni samahani. Salamu haiishi kwa swali moja: hali, watoto, kazi, afya, na wewe rudisha yote. Kwa hilo sisi hatuna taabu.

Mtu akivuta pumzi ndani ghafla, kama aliyeshtuka, ujue amekuitikia ndiyo. Usigeuke kutazama nyuma yako.

Mkono hutolewa kwa kuinama kidogo, wa kushoto ukishika kiwiko cha wa kulia kama unamheshimu mtu. Marafiki hugusana mabega. Mzee akiingia, inuka. Atakukataza, lakini wewe uwe umeshainuka.

Majina yana utaratibu wake. Jina la pili ni la baba, si la ukoo, kwa hiyo mtu huitwa kwa jina lake la kwanza na cheo mbele: Ato kwa mwanamume, Weyzero kwa mwanamke aliyeolewa. Mkimbiaji Haile Gebrselassie kwao ni Haile. Ukimwita mtu kwa jina la pili umemwita baba yake.

Kiamhari pia si lugha ya kila mtu. Waoromo ni wengi sana, na katika miji mingi ukianza na "akkam" na kumalizia na "galatoomi" utafunguliwa milango ambayo Kiamhari kingeifunga. Sisi wa pwani tumerithi kuwaita wote Wahabeshi. Msomali wa Jijiga au Mworomo anaweza asipende. Sema Ethiopia na Waethiopia, umepona.

Siasa ziache. Vita vya kaskazini vya 2020 hadi 2022 vimeacha wafiwa, na dereva wa teksi unayemhoji huenda ni mmoja wao. Usiulize pia "nyinyi mlitawaliwa na nani." Waliwashinda Waitalia Adwa mwaka 1896, na miaka ya 1936 hadi 1941, Waitalia walipoikalia nchi, wanaiita uvamizi. Uliza habari za Adwa uone mtu anavyochangamka.

Makanisani na kwa kamera

Lalibela kuna makanisa 11 yaliyochongwa kwenye mwamba, na bado watu wanasali humo. Viatu nje, kichwa cha mwanamke kifunikwe kwa netela, ule mtandio mwepesi wa pamba, mavazi yasiyobana. Wanaume wana upande wao na wanawake upande wao, fuata waumini. Nyuma ya pazia ni mahali pa makasisi, panapokaa tabot, kibao kitakatifu kinachowakilisha Sanduku la Agano. Usichungulie hata mlango ukiwa wazi. Kwenye Timkat, sikukuu ya ubatizo wa Yesu, Januari 19, au 20 mara moja kila miaka minne, tabot hutolewa nje zimefunikwa kitambaa juu ya vichwa vya makasisi: wapishe njia, usikimbie mbele yao ukirudi kinyumenyume na simu.

Bonde la Omo, kule kusini watalii wanakokwenda kuwapiga picha wenyeji, sipapendelei, nasema wazi. Magari yanafika, watu wanapangwa mstari, picha inalipiwa moja moja, gari linaondoka. Ukienda lazima, lala huko, tembea na kijana wa hapohapo, salimia na kaa chini kabla ya kutoa kamera. Akikataa, amekataa, usimwongezee pesa ili abadili neno. Mahali pengine popote uliza kwanza, na askari na majengo ya serikali usiyaelekezee simu kabisa.

Ukialikwa nyumbani

Usiende mikono mitupu. Sukari na kahawa mbichi havikatazwi nyumba yoyote, matunda pia. Pombe usibebe mpaka ujue dini ya wenye nyumba. Toa kwa mikono miwili, na usishangae zawadi ikiwekwa kando bila kufunguliwa mbele yako. Mkienda hotelini, aliyealika ndiye anayelipa, na mtavutana kwa bili. Vuta mara moja kwa heshima kisha umwachie, halafu kesho yake mwalike wewe, siku isiyo Jumatano wala Ijumaa kama ulipanga kumla kuku.