Kabla ya Kutuma M-Pesa: Kukagua Kamera ya Kwanza ya Mtumba na Lenzi Yake

Anayetafuta kamera yake ya kwanza Kisumu, Kakamega au Nakuru huuliza kwanza ina megapikseli ngapi. Swali hilo limepitwa na wakati. Kamera ya mwaka 2011 yenye megapikseli 18 inachapisha picha ya ukubwa wa A3 bila shida, na kwenye simu hakuna atakayeona tofauti yake na ya megapikseli 24. Pesa za mnunuzi mpya huliwa na mambo mengine: lenzi iliyoota kuvu ndani, shata (pazia la ndani linalofunguka na kufunga kila unapopiga) iliyochoka, betri bandia, bodi (kamera yenyewe bila lenzi) isiyoelewana na lenzi. Yote hayo hukaguliwa kwa mkono, mchana, muuzaji akiwa mbele yako.

Anza kwa kugawa pesa. Tuseme umeweka akiba ya shilingi 40,000. Usiende sokoni na zote 40,000 kichwani. Tenga 8,000 hadi 10,000 kando kwa betri ya pili, kadi ya kumbukumbu, pampu ndogo ya mpira ya kupulizia vumbi, mkoba, na chombo cha kuhifadhia chenye dawa ya kufyonza unyevu. Kinachobaki ndicho cha bodi na lenzi. Kamera isiyo na betri ya pili hukuacha katikati ya harusi, kabla hata keki haijakatwa.

Halafu amua kazi. Ukipiga picha ndani ya kanisa au ukumbi wa hoteli, adui yako ni giza. Lenzi ya kawaida ya 18-55mm ikivutwa hadi mwisho hufungua tundu lake hadi f/5.6 tu (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Lenzi ya 50mm f/1.8 huingiza mwanga karibu mara 10 zaidi ya hapo, na ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa. Kwenye bodi yenye sensa ya APS-C (sensa ndogo, ile ya kamera nyingi za kuanzia), 50mm huona kwa ufinyu kama wa 80mm kwa Canon au 75mm kwa Nikon, kwa hiyo inafaa sura ya mtu na bwana na bibi harusi, lakini haitoshi kundi la wajomba na mashangazi ishirini ndani ya sebule. Kwa hilo utarudi kwenye 18-55. Anayetaka ndege wa Ziwa Nakuru au wa ufuo wa Dunga aanzie 55-250mm kwa Canon au 55-200mm kwa Nikon, na ajue kwamba chini ya miti ya msitu wa Kakamega lenzi hizo zitamlazimisha kupandisha ISO, yaani wepesi wa sensa kuhisi mwanga, hadi 3200 au zaidi.

Kwa bajeti hii utakutana zaidi na Canon 600D, 700D, 1200D na 1300D, na Nikon D3200, D5200 na D5300. Zote zinafaa kuanzia, ila zina tofauti zinazouma baadaye. Mwenye mpango wa kurekodi video asichukue 1200D wala 1300D, kwa sababu hazina tundu la maikrofoni ya nje. Ajue pia kwamba 600D hukata video ikifika gigabaiti 4, yaani takriban dakika 12 kwa ubora wa juu. Mahubiri ya nusu saa yatakatwa vipande, na kila kukatika ni lazima ubonyeze tena. Majina nayo hubadilika kulingana na soko. 600D ndiyo Rebel T3i ya Marekani na Kiss X5 ya Japani; 700D ni Rebel T5i na Kiss X7i. Usimpite muuzaji kwa kuwa jina ni geni, na usimlipe zaidi kwa sababu hiyo hiyo. Kwa Sony zilizouzwa Japani kuwa mwangalifu: nyingi zina menyu ya Kijapani pekee, na hakuna mahali pa kubadilisha lugha.

Uhusiano wa bodi na lenzi ndiko wengi wanakojikwaa. Upande wa Canon mambo ni mepesi: lenzi ya EF ina nukta nyekundu na inaingia bodi zote za EOS (familia ya kamera za Canon) zenye kioo ndani, yaani DSLR, ya EF-S ina mraba mweupe na inaingia zile za sensa ndogo tu. Nikon ndiyo yenye mtego. Bodi za D3000 na D5000 na ndugu zao wote hazina mota ya fokasi ndani yake. Ukiwekea D3200 lenzi ya zamani iliyoandikwa AF pekee au AF-D, itapiga picha, lakini fokasi utaizungusha kwa mkono. Tafuta iliyoandikwa AF-S. Zipo pia za AF-P, za mota mpya zaidi, na hizo hazifanyi fokasi kabisa kwenye D3200. Soma maandishi kwenye pete ya lenzi mwenyewe. Usitegemee kichwa cha tangazo.

Siku ya kukagua, beba kadi yako ya SD iliyo safi, tochi, kitambaa laini, na kompyuta ndogo ukiweza. Mkutane mchana mahali penye watu na nafasi ya kukaa, kama mkahawa wa West End Mall pale Kisumu au Westside Mall pale Nakuru. Saa moja inatosha. Muuzaji anayekuharakisha eti kuna mteja mwingine njiani, mwache amuuzie huyo mteja.

Anza na lenzi, maana ndiyo inayoficha zaidi. Itoe kwenye bodi, washa tochi upande wa nyuma kwa pembe ya mshazari, kisha chungulia kutoka mbele, halafu geuza. Lenzi ya Canon hukaa wazi ikitolewa. Ya Nikon ya aina ya G hujifunga, kwa hiyo sukuma kijiti kidogo kilicho nyuma ili tundu lifunguke, la sivyo hutaona kitu. Vumbi chache ndani hazidhuru picha. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba zinazotawanyika kama utando wa buibui, au madoa ya ukungu yenye kingo zisizo sawa. Hiyo ni kuvu. Vimbegu vyake viko hewani kila mahali; kinachoiamsha ni unyevu na giza, na lenzi iliyokaa miaka miwili ndani ya mkoba wa ngozi karibu na ziwa imepata vyote viwili. Ikikomaa hula rangi ya kinga iliyopakwa juu ya kioo, na hapo hata ikisafishwa alama hubaki. Kufungua lenzi ya 18-55 kwa fundi kunaweza kugharimu zaidi ya kununua nyingine. Ukiona kuvu, iache, hata kwa nusu bei.

Mkwaruzo mdogo kwenye kioo cha mbele si janga. Wa nyuma ni mbaya zaidi, kwa kuwa kioo hicho kiko karibu na sensa na kasoro yake hujitokeza kwenye picha. Kagua ukingo wa mbele panapofungwa kichujio: ukiwa umebonyea, lenzi ilianguka. Zungusha zumu taratibu usikilize mchanga. Kisha weka kamera kwenye hali ya Av kwa Canon au A kwa Nikon, ambapo wewe huchagua tundu na kamera hupanga mwangaza, upige picha kwa f/5.6, f/8 na f/16, ukirudia kwenye 18, 35 na 55mm. Mwangaza wa picha zote unapaswa kulingana. Ile ya f/16 ikitoka nyeupe kupita zingine, visu vya tundu vinanata kwa mafuta. Canon ikionyesha Err 01, safisha vidoti vya shaba kwa kitambaa kikavu ujaribu tena. Ikirudi palepale kwenye urefu fulani wa zumu, huenda waya bapa wa ndani umeanza kukatika kwa kukunjwa, na hautapona wenyewe. Mwisho piga picha ya ukuta wa matofali uliosimama sawasawa mbele yako, uangalie pembe nne. Pembe moja ikiwa na ukungu huku tatu ziko wazi, vioo vimehama mahali pake.

Fokasi ipimwe kwa lenzi ya f/1.8 kama ipo. Panga chupa tatu za soda mshazari, kila moja sentimita 6 nyuma ya mwenzake, simama mita 1, ulenge maandishi ya chupa ya katikati kwa f/1.8 ukitumia kitundu cha kutazamia. Rudia kwa skrini ya nyuma. Skrini ikitoa picha kali na kitundu kikatoa chupa ya mbele au ya nyuma, mfumo wa fokasi umepotoka. Bodi za ngazi ya chini hazina menyu ya kurekebisha hilo.

Sasa bodi. Piga picha ya mbingu au karatasi nyeupe kwa f/22 na ISO 100, fokasi ikiwa imeharibiwa makusudi. Vidoa vya kijivu ni vumbi la sensa, na Nakuru yenye vumbi kama ile utavikuta karibu kila kamera. Vinasafishika na vinakupa sababu ya kuomba punguzo. Mstari mkali ulionyooka usiotoka hata baada ya kupuliza ni mkwaruzo, na huo hauna dawa. Funika lenzi upige kwa sekunde 1/60, ISO 100: vinukta vingi vyeupe au vyekundu kwa mipangilio hiyo ni dalili mbaya. Piga kwa 1/4000 mchana wa jua. Picha ikiwa na mkanda mweusi upande mmoja, shata imechoka.

Kuhusu idadi ya mipigo ya shata, bodi hizi hukadiriwa kudumu takriban mipigo 100,000. Nyingine hupita, nyingine hazifiki. Nikon huandika idadi ndani ya kila faili, na programu ya bure ya ExifTool huisoma kutoka picha uliyoipiga hapo hapo. Canon nyingi za ngazi hii hazifanyi hivyo. Kwa hizo ni lazima utumie programu inayounganishwa kwa waya. Usidanganyike na namba ya faili, kwa sababu IMG_9999 hurudi 0001, na yeyote anaweza kuianzisha upya. Kumbuka vilevile kwamba kamera iliyotumika kwa video miaka mitano inaweza kuwa na mipigo michache huku vifungo, skrini na mlango wa betri vimeshakwisha.

Bonyeza kila kifungo na kila gurudumu. Inua flashi. Toa na kurudisha kadi mara tatu. Toa betri uilaze mezani: ikiyumba, imevimba, usiirudishe ndani. Ipe kamera dakika 20 za kupiga na kutazama picha. Betri bandia huonyesha imejaa kisha huporomoka ghafla. Chaja ya ex-UK itaingia ukutani Kenya bila adapta. Zenye plagi ya Ulaya au Marekani huhitaji adapta tu, maana nyingi hukubali volti 100 hadi 240. Soma maandishi ya nyuma kuthibitisha.

Namba ya utambulisho ya bodi (serial number) kwa kawaida iko chini, ya lenzi iko kwenye pete au ubavuni. Iwapo imekwaruzwa makusudi, ondoka. Kupokea mali ya wizi ni kosa kwa sheria ya Kenya, na kutojua hakutakusaidia sana namba ikiwa imefutwa mbele ya macho yako. Andikianeni karatasi: majina, namba za vitambulisho, namba za bodi na lenzi, bei, tarehe, sahihi mbili. Muuzaji wa haki hakasiriki. Pesa zitoke mwisho, na kabla ya kukamilisha malipo hakikisha jina linalotokea kwenye M-Pesa ni lile la kitambulisho ulichoonyeshwa.

Muuzaji akiwa Nairobi na wewe uko Bungoma, usitume arubuni ya kuhifadhi. Omba video moja isiyokatwa inayoonyesha namba ya chini, kisha kamera ikipiga picha, kisha tochi ikipita kwenye lenzi. Omba pia picha yenyewe kwa WhatsApp kama hati, kwa sababu ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa na maelezo yake yote hufutwa. Bado tunashauri umtume mtu unayemwamini aishike. Nauli yake ni ndogo kuliko hasara.

Kadi nayo huwa bandia sana. Nunua ya GB 32 ya Class 10. Karibu kila kamera tuliyoitaja inaisoma, na inabeba takriban picha 1,200 za RAW (faili ghafi za kamera) za 600D. Kabla ya kazi yoyote ijaze yote kwa programu ya H2testw, ambayo huandika na kusoma tena. Kadi ya uongo hudai GB 32 lakini hufuta picha za mwanzo au huziharibu baada ya GB 8, na utalijua hilo baada ya wageni kuondoka.

Nyumbani, kwa Kisumu na Kakamega, kamera isilale ndani ya mkoba. Nunua chombo cha plastiki cha chakula kinachofunga kabisa, cha lita 5 hivi, uweke gramu 100 za silika zenye rangi ya kuonyesha unyevu. Mchele hausaidii, unga wake utaingia kwenye zumu. Kwa Nakuru, badilisha lenzi ukiwa umeipa upepo mgongo na bodi ikitazama chini, na usipulize sensa kwa mdomo, kwani mate hukauka yakaganda. Silika zikigeuka rangi, zikaushe kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo hadi rangi irudi, ziache zipoe, kisha zirudishe na ufunge kifuniko.