Acha mubirizi utoe maua

Hapa Kadutu, mjini Bukavu, mti wa mubirizi tunaujua kwa uchungu wa majani yake, maua yake wachache wameyaona. Kosa ni letu. Tumbo likiuma, tunachuma. Mtoto akipata homa, tunachuma tena, hadi kinabaki kijiti. Mama mkwe wangu ndiye bingwa. (Si yeye peke yake: mwaka 1987, kule Mahale, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mtafiti alimwona sokwe mgonjwa akitafuna shina la mti huohuo, Vernonia amygdalina.) Mimi nilitaka maua na vipepeo vyake, basi tukagawana: miti ya upande wa choo yake, ya upande wa jikoni yangu.

Usihangaike na mbegu. Kata tawi lililokomaa, nene kama kidole gumba, gome likiwa limeanza kuwa la kijivu. Tawi bichi la kijani litaoza. Urefu uwe kama kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole. Chini kata mshazari, juu kata sawa, upate kujua kichwa ni kipi. Mara ya kwanza sikuweka alama, nikapanda vijiti vinne kichwa chini, nikavimwagilia wiki tatu nzima huku jirani akinitazama bila kusema neno.

Panda mvua za Septemba zikishaanza, nusu ya kijiti ndani ya udongo, mahali penye jua. Kwenye miteremko yetu panga safu ya kukingama, isifuate maji yanakoteremka. Mizizi itakusaidia kushika udongo. Mavi makavu ya mbuzi yanatosha.

Sasa sikiliza vizuri: ua la mubirizi hutoka kwenye ncha ya tawi. Ukichuma ncha, umechuma ua. Ukihitaji mboga au dawa, chukua majani ya chini. Kupogoa ngoja maua yaishe, ndipo ukate hadi usawa wa kifua.

Maua yenyewe ni meupe, madogo kama ukucha wa mtoto, kila moja limechanua nyuzi kama brashi, na yamebanana hadi yanafanya kama sahani. Kipepeo anatua hapo, anatembea kutoka ua hadi ua bila kuruka. Nenda saa nne asubuhi, jua likishapasha majani. Jioni nenda kwa ajili ya harufu.

Yakikauka yanageuka manyoya ya rangi ya kahawia yanayopeperuka. Wiki hizo nguo anika upande wa choo.