SOMO: Kugeuza godauni la zamani kuwa ofisi. Someni kwanza, simu baadaye

Wakuu, haipiti wiki bila mtu aliyekodi godauni la mkonge hapa Tanga kunipigia akitaka kulifanya ofisi, na swali ni lilelile: "Nianze na rangi gani?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika mara moja, atakayepiga tena nitamtumia hii.

Nazungumzia godauni la zamani la pwani: kuta nene za matumbawe na chokaa, kenchi za mbao au chuma, mabati, sakafu iliyonyanyuliwa. Kama lako ni la matofali ya saruji la miaka ya themanini, nusu ya somo haikuhusu.

1. Karatasi. Nenda halmashauri ubadilishe matumizi ya ardhi kabla hujanunua hata msumari. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, kwa hiyo godauni lako ni kijana, ila ulizia kama lilitangazwa baadaye kuwa la kulindwa.

2. Pima, piga picha kila kona, ndipo uguse.

3. Paa. Kama ni shiti za asbesto, simama hapo. Usitoboe, usikate, usifagie vumbi lake. Zinaloweshwa, zinafunguliwa nzimanzima, zinafungwa kwenye nailoni na watu wanaoijua kazi hiyo, na NEMC, wasimamizi wa mazingira, watataka kujua zinakwenda wapi. Kama ni mabati ya kawaida, badilisha yaliyooza, lakini matundu ya hewa ya juu kwenye mgongo wa paa yaache wazi. Watu wanayaziba wakikimbia popo, halafu wanalalamika kwamba viyoyozi vinne havitoshi. Weka wavu.

4. Kuta. Hapa tulieni.

Ukuta wa matumbawe haukuwekewa kizuizi cha unyevu kwenye msingi. Maji yanapanda kutoka ardhini, mengine yanaingia na mvua, na yote hutokea usoni kwa ukuta, kwa sababu chokaa inayapitisha. Ukipiga plasta ya saruji umeyafungia ndani. Hayakauki, yanapanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, na yamebeba chumvi. Chumvi ikifika nyuma ya plasta inaganda kuwa chembe, chembe zinatanuka, plasta inasukumwa. Mwaka wa kwanza ofisi inang'aa na mwenye nyumba anakusifia. Masika ya mwaka unaofuata rangi inatoa mapovu kuanzia usawa wa goti, kisha plasta inadondoka vipande vikubwa, na kila kipande kimeondoka na uso wa jiwe. Msiniulize nimejuaje.

Kwa hiyo: bandua saruji yote ya zamani kwa patasi na nyundo, si kwa mashine, maana mashine inalegeza mawe. Acha ukuta wazi kipindi cha kaskazi ukauke. Piga lipu ya chokaa, kipimo kimoja kwa mitatu ya mchanga safi (mchanga wa baharini hapana, unaurudishia ukuta chumvi uliyoikimbia). Kila tabaka lisizidi sentimita moja hivi. Nyunyizia maji, ning'iniza magunia mabichi kuzuia jua, subiri wiki moja au zaidi kabla ya tabaka jingine. Chokaa inakomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa, haina haraka na hailipwi ovataimu. Malizia kwa niru (lipu laini ya chokaa ya mwisho), kisha pakaa chokaa. Rangi ya plastiki au ya mafuta juu yake ni saruji kwa jina jingine.

ONYO: ukizima chokaa mbichi, weka chokaa kwenye maji, usimwagie maji chokaa. Inachemka na kuruka. Miwani na glavu, hata kwa saidia fundi, tena hasa yeye.

5. Sakafu. Zege lililokunywa mafuta ya mashine halishiki marumaru. Safisha, weka tabaka la kutenganisha, au inua sakafu nyingine juu yake.

6. Mezanini, yaani sakafu ya juu ndani ya godauni. Isimame kwa nguzo zake na misingi yake, iache nafasi kati yake na ukuta wa zamani. Sakafu ya ofisi huhesabiwa kilo 250 hivi kwa mita ya mraba. Chumba cha mafaili ni mara mbili. Mhandisi aliyesajiliwa asaini. Kuna watu wanatundika mezanini kwenye kenchi. Kenchi ilipigiwa hesabu ya kubeba bati na upepo tu.

7. Sauti. Hakuna anayeniuliza hili mpaka wamehamia. Fomula ya Sabine ya kujua mwangwi unadumu sekunde ngapi: ujazo wa ukumbi mara 0.161, gawa kwa ufyonzaji wa sauti uliomo ndani. Godauni la mita 40 kwa 15, kimo 7, ni mita za ujazo 4,200. Ukizidisha unapata 676. Ukumbi mtupu wenye zege, mawe na bati, ukiwa na ufyonzaji wa mita za mraba 100 tu, mwangwi unadumu sekunde karibu 7. Ofisi inataka chini ya 1. Maana yake ufyonzaji uzidi mita za mraba 676, na hata dari nzima ya kufyonza, mita za mraba 600, haitoshi peke yake, kwa kuwa hakuna dari inayofyonza sauti yote. Ning'iniza paneli nene za pamba ya mawe, gawa vyumba vya mikutano vyenye dari zao, weka mazulia na mapazia. Ukuta wa kioo mnaoupenda unairudisha sauti karibu yote.

8. Nyaya zipite kwenye bomba za chuma juu ya ukuta, zionekane. Usichimbe matumbawe.

9. Madirisha ya chuma yatengenezwe, yasing'olewe. Rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, usipige msasa mkavu.

10. Vyoo vijengwe nje ya ukuta mkuu, upande wa bomba la majitaka.

MASWALI

Mdau, Dar: Mkuu, nikipiga saruji nikachanganya na dawa ya kuzuia maji, si itakubali?

Jibu: Hatua ya 4. Hiyo dawa inafunga zaidi.

Mdau, Kigamboni: Yote hayo jumla shilingi ngapi?

Jibu: Ya godauni lipi? Hujataja ukubwa, paa wala hali ya kuta.

Mdau, Mombasa: Shikamoo fundi. Huku kwetu upande mmoja wa ukuta hauoni jua na uko karibu na maji. Chokaa tupu itakomaa kweli?

Jibu: Marahaba. Swali zuri, nilipaswa kuliandika. Mahali pa unyevu daima, chokaa tupu inasuasua. Ongeza unga wa matofali ya udongo yaliyochomwa, usagwe laini. Unaisaidia kushika hata penye unyevu. Jaribu kwanza eneo la mita moja, michanganyiko miwili tofauti, subiri mwezi, kisha kwaruza kwa ukucha. Na kama uko Mji wa Kale, ongea na watu wa Makumbusho ya Taifa kabla hujasimamisha jukwaa.

Mdau, Nairobi: Mnaogopa sana saruji. Battersea, kituo cha zamani cha umeme kule London, wamevunja hata mabomba manne ya moshi wakajenga mapya, na Apple wamo ndani.

Jibu: Waliyavunja kwa sababu zege lake lilikuwa limechakaa, na wakayarudisha kwa zege na kwa umbo lilelile. Umenisaidia kueleza hoja yangu: jengo linatengenezwa kwa kitu kilekile lilichojengewa.

Mwanafunzi wa usanifu: Samahani, kwa nini sakafu za magodauni haya ziko juu karibu mita moja?

Jibu: Behewa, mdogo wangu. Reli ilianza kujengwa hapa Tanga 1893, mwaka uleule Mjerumani Hindorf alipoleta miche ya mkonge, ikafika Moshi 1911. Sakafu ililingana na sakafu ya behewa ili marobota yasukumwe bila kunyanyuliwa. Leo hiyo mita moja ni kazi yako: mteremko wa kiti cha magurudumu ni 1 kwa 12, kwa hiyo unahitaji mita 12 za njia pamoja na mahali pa kupumzikia katikati. Ukiusahau kwenye ramani, utakuja kula maegesho.

Fundi wa kuchomelea, Moshi: Nguzo za duara za zamani, naweza kuchomelea mabano ya mezanini?

Jibu: Piga nyundo kidogo, angalia pale palipomeguka. Kama ndani ni kijivu cha chembechembe, ni chuma cha kusubu. Ukikichomelea kikawaida kinapasuka, pengine usiku wewe ukiwa umelala. Tumia pingu za boliti, na hata hizo mhandisi azipitishe.

Mdau, Pangani: Na popo tuwafanyeje?

Jibu: Usiwafungie ndani. Tazama jua likizama wanatokea wapi, hakikisha hakuna watoto wao ndani, kisha weka wavu wakiwa nje. Kinyesi chao kiloweshe kabla ya kuzoa, na uvae barakoa.